Tulipowasafishia Chemchemi

Baba yangu alitunza maji ya msikiti mjini Bungoma kwa miaka yote ya utoto wangu. Hakuwa imamu wala mwadhini. Kazi yake ilikuwa tangi, mabomba, mabirika na sakafu ya mahali pa kutawadha, na kazi hiyo hakuruhusu mtu aidharau. Kila asubuhi alichota maji ya kwanza kwa kikombe cheupe cha bati, akayatazama, akayanusa, akayaonja. Rangi, harufu, ladha. Akisharidhika ndipo alipowaachia watu mabomba. Mimi nilisimama kando yake na kikombe changu kidogo, nikifanya kama anavyofanya, na siku moja nilipojitia kuonja bila kunusa kwanza alinipokonya kile kikombe na kuniambia nianze upya.

"Maji hayana siri," alisema. "Yakiharibika yatakuambia. Shida ni binadamu, hataki kuambiwa."

Nimeanza na hilo ili mtu asije akadhani kwamba ukali wangu juu ya maji niliupata kwenye semina. Nilizaliwa nao. Watu husema hasira zangu ziko karibu, na mama yangu, Mungu amrehemu, alinikumbusha kila wiki kwamba hasira ni hasara. Labda. Lakini katika jambo hili ninalosimulia, hasara haikutokana na hasira. Ilitokana na adabu.

Niliolewa Kitale, au tuseme nje ya Kitale, kwenye mteremko wa mashamba madogo ya mahindi ambako mume wangu alikuwa na nyumba na cherehani yake. Chini ya mteremko kuna chemchemi. Watu wa zamani waliijengea ukuta wa saruji na kutia bomba fupi la chuma, na maji yalitoka hapo mchana na usiku bila kuuliza kama ni kiangazi au masika. Yalikuwa baridi hadi meno yanauma. Nyumba zote za mteremko zilichota hapo, za Wakristo na yetu sisi Waislamu wachache, na hakuna aliyewahi kumwuliza mwenzake unachota mitungi mingapi.

Baba alipokuja kunitembelea mara ya kwanza alikuja na kile kikombe cha bati ndani ya mfuko wa kanzu. Hata chai hakungoja. Alishuka moja kwa moja chemchemini, akachota, akatazama, akanusa, akaonja, kisha akaonja tena bila haraka, watu kumi na mitungi yao wakimngoja nyuma yake.

"Yote matatu," alisema mwishowe. Kwake hakukuwa na sifa zaidi ya hiyo.

Mama alipofariki, baba alibaki peke yake katika nyumba yetu ya Bungoma, upande wa barabara ya Kibabii. Magoti yalikuwa yameanza kumkataa. Mimi ndiye mtoto wake pekee. Nilimwomba aje akae kwangu, akakataa mara tatu, na mara ya nne akakubali kwa masharti yake. "Nitakuja, lakini usijidanganye kwamba ni kwa ajili yako," aliniambia. "Ni kwa ajili ya yale maji. Mzee akikosa vyote, angalau atawadhe vizuri." Nilicheka, lakini nilijua hafanyi mzaha. Mume wangu akaanza kumjengea chumba nyuma ya nyumba, mlango ukitazama njia ya chemchemi, kizingiti kikiwa chini kwa ajili ya magoti yake.

Chumba hicho kilikuwa kimefika linta, kuta zimepita mlango, wakati mashine zilipopanda juu ya mgongo wa kilima.

Kiwanja cha ndege chenyewe kilikuwepo tangu zamani, njia moja ya nyasi ambapo ndege ndogo ilitua mara mojamoja na mbuzi wakafukuzwa. Sitakitaja kwa jina; anayeishi chini ya kiwanja cha namna hiyo, popote alipo, atakijua. Sasa kilikuwa kinapanuliwa. Upande wetu wa kiwanja kulikuwa na kinamasi kipana, chenye matete na ndege wa majini, ambacho hakuna aliyekipenda kwa sababu ng'ombe walizama humo. Kinamasi kile kilikuwa ghala letu, nasi hatukujua. Mvua yote ya juu ilikaa pale, ikanywewa polepole na udongo, ikatutokea sisi huku chini kwenye bomba ikiwa safi na baridi. Mashine zilichimba ule udongo mweusi na kuuondoa, zikajaza changarawe, zikashindilia hadi vikombe vikatikisika kabatini. Miti ya ukingoni ikakatwa ili rubani aone njia. Kiangazi, maboza, yale malori ya maji, yalikuja kunyonya kijito cha jirani ili kumwagia vumbi. Kisha lami ikalazwa, na ukachimbwa mtaro wa saruji ambao ng'ombe angeweza kulala ndani yake, wa kubeba maji yote ya lami ile. Mtaro huo uliishia juu ya mteremko wetu, ukamalizika tu, kana kwamba aliyeuchora alifika mwisho wa karatasi.

Sisemi kwamba kiwanja hakikuleta kitu. Vijana kadhaa walipata kibarua, na mume wangu alishona fulana zile za kung'aa za wafanyakazi mpaka macho yakamuuma. Nakiri hayo. Lakini anayenipa kazi kwa mkono mmoja na kunitilia mafuta ya taa kwenye maji ya kunywa kwa mkono mwingine asitarajie nimpigie makofi.

Maana hivyo ndivyo ilivyokuwa. Mvua za kwanza ziliponyesha juu ya lami, mtaro ulitema yote mteremkoni, na ndani ya saa moja chemchemi ilikuwa ya rangi ya chai ya maziwa. Tope likatulia baada ya siku kadhaa, harufu ikabaki. Ilikuwa harufu ya mafuta na ya sabuni ya kuoshea magari, si kali, lakini ipo, kama mgeni aliyekataa kuaga. Kiangazi kilipokuja likatokea la pili: bomba likakonda. Mtungi uliokuwa ukijaa kabla hujamaliza kusalimia watu sasa ungeweza kusukwa nywele kichwa kizima ukiungoja.

Baba alipiga simu kila Ijumaa baada ya swala. Salamu zilikuwa fupi. "Ngapi?" aliuliza, akimaanisha yale matatu.

Nilianza kumsimulia habari za mahindi.

"Basi nitangoja," alisema, na chumba kikabaki bila paa.

Tuliandika barua. Niliiandika mimi, na nilifuta maneno mawili ambayo mume wangu alisema hayafai kwenye barua ya serikali. Chifu akaipeleka, miezi ikapita, halafu siku moja chifu mwenyewe akaja kwangu akitabasamu: Alhamisi watakuja maafisa, pamoja na injinia wa mkandarasi, kuikagua chemchemi. Watapima maji, watapiga picha, wataandika ripoti.

Hapa sasa ndipo tulipokosea, na aliyeongoza katika kukosea ni mimi.

Jirani yangu wa karibu ni mama ambaye wazazi wake walikuja Trans-Nzoia kutoka Mkoa wa Kati na kununua shamba. Huyo hufagia mpaka barabara ya umma iliyo mbele ya lango lake. Habari ilipomfikia alikuja mbio.

"Dada, wageni Alhamisi na chemchemi iko hivyo?" alisema. "Si watasema sisi ni watu gani!"

"Tutaisafisha," nikasema.

"Ya kusafishwa kabisa. Mimi nitaleta fyekeo na wale wa kanisa."

Na tukaisafisha. Kwa siku mbili wanawake wa mteremko mzima waliacha mashamba. Tulifyeka nyasi, tukazoa tope karai kwa karai, tukalisugua bomba kwa mchanga hadi likang'aa. Mimi, nikijiona mwerevu, nilipanga magunia ya mchanga kwenye korongo linalotoka mtaroni ili hata mvua ikinyesha tusiaibike. Tukachemsha kuku, tukapika chapati. Maji ya chai tuliyatoa kisima cha shule, ng'ambo ya bonde, kwa sababu, jamani, utampikiaje mgeni chai kwa maji yanayonuka? Hatukujiuliza swali hilo mara mbili. Kwetu mgeni akija unaonyesha ulicho nacho kizuri, na kibaya unakiweka chumbani na kufunga mlango. Hivyo ndivyo tulivyolelewa, yule jirani yangu kwao na mimi kwetu.

Walikuja wakiwa wanne, watu wa heshima. Afisa wa mazingira alikuwa bado kijana, amevaa mabuti mapya, na alimsalimu kila mmoja. Haikuwa imenyesha kwa wiki nzima. Alipiga picha za ukuta, bomba, nyasi zilizofyekwa. Alijaza chupa mbili, akazifunga bila kunusa.

"Mnaitunza poa sana hii place, mama," aliniambia. "Kwingine huwa ni aibu."

Nilitabasamu. Mungu anisamehe, nilifurahi. Nikamwongezea kuku.

Ripoti ilisomwa kwenye baraza la chifu wiki kadhaa baadaye. Ilisema chemchemi iko katika hali nzuri, inatunzwa vyema na jamii, na kwamba kazi ya kiwanja haikuonekana kuidhuru. Picha zilibandikwa pembeni; hata mimi nilikuwemo katika moja, nimeshika sahani. Jirani yangu aliinama akatazama miguu yake. Nilisimama kusema, na macho yangu yakaangukia ile sahani pichani. Ningesema nini? Kwamba tuliwadanganya? Nilikaa chini.

Kesho yake nilijaza chupa moja kwenye bomba, bila kuchuja, nikaiweka mapajani nikaenda nayo Bungoma. Njia nzima, Kimilili ikija na kupita, nilikuwa nikipanga namna ya kumweleza baba. Haikusaidia. Nilipofika nilimpa chupa tu.

Alimimina ndani ya kikombe cha bati. Akatazama. Akanusa, akanusa tena. Akaonja kidogo, akatema nje ya mlango.

"Tope silihofii," alisema. "Udongo ni ndugu wa maji. Lakini hiki kingine si ndugu wa mtu. Haya hata kutawadha siwezi. Nije Kitale nitayamamu kwa mchanga kama niko jangwani, na chemchemi iko mlangoni?"

Ndipo nilipomsimulia yote: fyekeo, magunia, kuku, picha. Nilitegemea anihurumie. Alicheka mpaka akakohoa, kisha akakasirika, na baba akikasirika najua nilikozitoa hasira zangu.

"Mwanangu, una mgonjwa. Unampeleka kwa daktari. Unamwogesha, unampaka mafuta, unamwambia asikohoe. Daktari akisema ni mzima, unalia nini?" Alirudisha kifuniko cha chupa akakikaza kwa nguvu. "Mficha maradhi, kifo humuumbua. Hukulijua hilo?"

"Nilijua, baba. Lakini walikuwa wageni."

"Kama ni wageni, wape wanachokunywa wenyeji."

Nilirudi na sentensi hiyo.

Nafasi haikukawia. Kulikuwa na awamu ya pili ya kiwanja: lami zaidi, na mahali pa kuegesha ndege, tena upande uleule wetu. Kabla ya kuanza walihitaji kikao cha wananchi na karatasi ya sahihi zetu kwamba tumeelezwa na tumekubali. Chifu akatangaza kikao shuleni. Tukamwambia hapana, kikao kitakuwa chemchemini au hakitakuwa na mtu. Alikasirika, akasema tunaleta siasa. Nikamwambia, "Mzee, hii si siasa. Ni maji. Siasa tunafanya kila baada ya miaka mitano, maji tunakunywa kila siku." Akaenda kuuliza, akarudi akisema sawa.

Kazi ngumu ilikuwa kuwazuia wanawake wenzangu wasisafishe. Nasema kweli. Jirani yangu alikuja kwangu siku tatu kabla ya kikao, karibu alie.

"Nyasi zimefika magotini," alisema. "Na bomba limefanya kutu. Wacha nifyeke tu kidogo, pale mbele."

"Hata jani moja usiguse."

"Watasema sisi ni wachafu, dada! Mimi nimezaliwa nikifagia!"

"Waache waseme. Uchafu si wetu, kwa nini tuufiche sisi?"

Alifuta macho kwa leso, akaenda zake. Usiku wa kuamkia kikao mvua ilinyesha, na asubuhi nilishuka chemchemini nikiwa na hofu kwamba nitakuta amefagia. Hakuwa amegusa kitu. Magunia yangu ya mchanga tu ndiyo yalikuwa yameondolewa, yote, na kupangwa vizuri kando ya njia. Hakuniambia kamwe ni nani aliyeyaondoa, na mikono yake ilikuwa na malengelenge siku ile.

Wageni walikuja, safari hii saba. Injinia, maafisa, mwanamke mmoja aliyebeba karatasi za sahihi ndani ya faili. Kijana wa mabuti alikuwepo. Aliona nyasi, akaona bomba, akanitazama kama mtu aliyefika nyumba aliyoizoea akakuta imehamwa.

Nilikuwa nimeleta glasi zangu za harusi, zile za ukingo wa dhahabu ambazo hutoka kabatini sikukuu mbili kwa mwaka. Nilikuwa nimezisuuza kwa maji ya kisima cha shule na kuzipangusa mpaka zikalia chini ya kitambaa. Nikazipanga kwenye sinia juu ya kitambaa cheupe. Kisha, mbele ya macho yao, nikazijaza pale bombani, moja moja, na kwa jinsi bomba lilivyokuwa limekonda kazi hiyo ilichukua muda. Ndani ya glasi safi maji yale yalionekana vizuri sana. Jirani yangu akapokea sinia akawazungukia, akipiga goti kidogo kwa kila mmoja kama tunavyofanya.

"Karibuni maji," alisema. "Chai inakuja, ni ya maji haya haya."

Kila mmoja alichukua glasi, maana mtu mzima hakatai maji ya mwenyeji mbele ya watu. Wakazishika. Injinia aliinua yake karibu na mdomo, pua ikafika kabla ya mdomo, akaishusha.

"Mama, si mngetuambia tukuje na maji ya chupa," alisema, akijaribu kucheka.

"Chupa mngeenda nazo," nikasema. "Sisi tunabaki na hii."

"Lakini lab ilisema iko sawa."

"Maabara ilipewa maji tuliyoyapamba. Hilo kosa ni letu na tumelikiri leo mbele ya chifu. Leo hatukupamba. Kwetu maji hupimwa kwa mambo matatu. Rangi mmeiona. Harufu mmeipata, usiseme hujaipata, nimekuona. Imebaki ladha, na hiyo siwezi kuwasaidia. Kunyweni, halafu mtupe hiyo karatasi tutie sahihi."

Bomba liliendelea kudondosha. Chifu alikuwa anatazama juu kilimani kana kwamba anatarajia ndege. Sauti yangu ilikuwa inatetemeka, nayo ilikuwa hasira tupu. Aliyedhani ni woga shauri yake. Hapo nyuma mwanamke mmoja mzee, mwenye mtungi kichwani, akauliza kwa sauti, "Si wanywe? Ama mtoto wangu ndiye wa kunywa peke yake?" Watu wakaanza kuguna.

Kijana wa mabuti ndiye aliyekunywa. Fundo moja. Machozi yalimtoka, akameza kwa shida, akaweka glasi kwenye sinia polepole. Kisha akatoa daftari, akaandika muda mrefu, na alipomaliza alimwuliza injinia, kwa upole kabisa, mtaro ule unaishia wapi.

Karatasi ya sahihi ilirudi kwenye faili ikiwa nyeupe kama ilivyokuja.

Sitaki kudanganya kwamba siku ile iliponya kila kitu. Awamu ya pili haijafutwa, imesimama tu, na kusimama si kufa. Kinamasi hakitarudi, aliyekifukia hawezi kukifukua. Lakini mtaro umegeuzwa. Sasa unaishia kwenye mabwawa mawili ya kutulizia maji yaliyochimbwa upande wa kiwanja, na magari yao yanaoshwa kwingine. Bomba bado ni jembamba. Tunapanga foleni, na siku hizi watu huulizana unachota mingapi, jambo linaloniuma kuliko yote.

Tope limekwisha, hata mvua ikinyesha. Baada ya miezi ladha nayo ikarudi. Niliionja mwenyewe kwa kikombe nikiwa nimefumba macho. Harufu ndiyo iliyobaki, hafifu, siku za mvua kubwa tu. Baba alipopiga simu Ijumaa na kuuliza ngapi, nilimjibu, "Mbili."

Nilisikia kikombe kikigongagonga meza huko Bungoma.

"Mwambie mumeo aezeke," alisema. "Lakini siji kabla ya ya tatu. Na msiwape nafasi ya kupumua."

Chumba kimeezekwa. Kitanda kimo, na ndoana ya kanzu mlangoni. Kila asubuhi nashuka chemchemini nachota, natazama, nanusa, naonja, kwa mpangilio ule ule, na jirani yangu siku hizi hunusa kabla yangu.

Juzi chifu alimtuma mtu nyumbani. Wageni wa kiwanja wanakuja tena wiki ijayo, wakubwa zaidi, kutoka Nairobi, na anaomba sisi akina mama tupasafishe pale kidogo, angalau tuondoe aibu.

"Mwambie asiwe na wasiwasi," nilimjibu. "Glasi zitakuwa safi kabisa."